Watu wa Majini

Kazi ilikuja kwa simu. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo cha ualimu, ambaye siku hizi anaishi Dar es Salaam na kuandika vitabu vya vijana, aliniambia kwamba ana hadithi ndefu ya watu wanaoishi chini ya ziwa. Watu hao wana uchawi wao, ila uchawi wenyewe bado hajaujua. Alitaka nimchoree picha, na kabla ya picha nimtungie hizo nguvu: zinafanyaje kazi, zinatumia vifaa gani, nani ana ruhusa ya kuzitumia.

"Wewe ni mtu wa vitu," alisema. "Mimi ni wa maneno."

Wakati huo nilikuwa nimeshaacha kufundisha. Nilichora mabango ya maduka pale Tabora mjini na ramani za ukutani za shule za msingi. Bahari sikuwahi kuiona. Ziwa nililijua kwa bomba tu, maana maji ya Ziwa Viktoria yalikuwa yameshafika mtaani kwetu, yakitoka kwenye koki ya uani, na kabla ya hapo tulikunywa ya bwawa la Igombe. Nilimwambia hivyo, nikidhani atatafuta mtu mwingine. Akasema ni afadhali, kwa sababu wachoraji wa pwani aliowaomba walimletea nguva na lulu.

Nilianza kama ambavyo mtu yeyote angeanza. Nikaandika fimbo inayotoa mwanga, dawa ndani ya chungu, kitabu cha siri, moto usiozimika, na maneno ya kutamkwa. Halafu nikajaza ndoo maji, nikaiweka kivulini uani, na kuanza kuvitia humo kimoja kimoja. Wino ulisambaa na karatasi ikawa uji. Unga wa majani niliousaga uwe dawa ulielea kidogo kisha ukaenea ndoo nzima, kwa hiyo mgonjwa na asiye mgonjwa wangekunywa sawasawa. Moto sikuujaribu. Mwisho niliinama, nikaingiza uso kwenye maji na kusema kwa sauti ombi la mvua nililolitunga asubuhi hiyo. Yalitoka mapovu.

Nilipoinua kichwa, mdogo wangu alikuwa amesimama mbele yangu na mkoba wake wa kazini begani.

Mdogo wangu ni kiziwi. Homa ya uti wa mgongo ilimchukulia masikio kabla hajaanza shule. Alisoma shule ya viziwi, akajifunza kusuka nywele, na sasa ana kiti chake kwenye saluni moja karibu na soko. Tunaishi pamoja kwa mama. Ni mtu wa kubishana, na anavaa vizuri kuliko mimi. Maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili cha kawaida, lakini yeye huyasema kwa mikono.

"Unaosha uso kwa kusema?" aliuliza.

Nilimweleza. Akaomba kuisoma hadithi yenyewe, nikampa kurasa nilizokuwa nimechapisha. Aliondoka nazo, na kesho yake mchana nilipompelekea chakula saluni nikamkuta amezisoma zote. Alikuwa na neno juu ya mtu mmoja. Katika hadithi ya rafiki yangu, nguvu za watu wa ziwani zilitoka kwenye nyimbo, na kulikuwa na binti mmoja bubu ambaye kila mtu alimhurumia kwa sababu hakuweza kuimba.

"Huyu amekosa nini?" mdogo wangu aliuliza.

"Hawezi kuimba."

"Na hao wengine wanaimbaje? Jana si ulitoa mapovu?"

Akaendelea, huku mteja wake akisubiri na nusu ya kichwa ikiwa bado haijasukwa. "Huko chini hakuna anayemsikia mwenzake. Wote ni kama mimi. Kama kuna wa kuhurumiwa, ni huyo atakayeshuka na sauti yake akadhani itamsaidia."

Jioni nilimpigia rafiki yangu na kumwambia. Nyimbo alikuwa ameshaziandika na alizipenda. Akajitetea kwamba sauti inasafiri vizuri majini, na kwa kweli alisema sahihi. Nilijaribu kwenye tangi la plastiki tunalohifadhia maji. Mdogo wangu aliweka viganja upande mmoja, nami nikagonga upande wa pili kwa jiwe. Alihesabu mapigo yote bila kuniona. Tulipolijaribu kwa mdomo, nikipaza sauti juu ya mfuniko, hakupata kitu. Basi tukakubaliana, sisi watatu, kwamba watu wa ziwani huitana kwa kugonga mawe na huzungumza kwa mikono. Nyimbo zikatolewa. Rafiki yangu alizililia kidogo kwenye ujumbe wa simu, kisha akaniuliza swali la maana.

"Chini kabisa ni giza. Mikono wataionaje?"

Swali hilo nilimpelekea mdogo wangu vilevile lilivyokuja. Hakufikiri hata kidogo. Alinifumba macho kwa mkono wa kushoto, akachukua mkono wangu wa kulia na kuandika alama ndani ya kiganja changu. Aliniuliza kama nimekula. Ndivyo tulivyokuwa tukizungumza utotoni tulipolala kitanda kimoja na mama ameshazima taa. Mimi nilikuwa nimesahau kwamba ile ilikuwa lugha. Kwangu ilikuwa kumbukumbu ya kulala tu.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa na msingi. Watu wa kilindini hufanya nguvu zao ndani ya kiganja cha mtu mwingine. Ukiandika alama ya kupoza kwenye kiganja cha mwenzako, maji yanayowazunguka wote wawili yanapoa. Ukiandika alama ya njia, mkondo unafunguka. Peke yako huna kitu. Mganga mkuu akiachwa pangoni bila mwenzake ni sawa na mtoto mchanga.

"Sasa mtu wangu mbaya atafanyaje?" rafiki yangu aliuliza. "Nani atampa mkono?"

"Atauchukua kwa nguvu," mdogo wangu alijibu. Nilimtafsiria kwenye simu ya video, naye aliiona ile alama mwenyewe kabla sijamaliza: mkono mmoja ukikamata kifundo cha mwingine na kuugeuza kiganja juu. Aliipenda mno, na mwishowe sura alizoziandika kwa alama hiyo ndizo zilizowaogopesha watoto wake wakakataa kulala peke yao.

Tulihitaji pia jina. Neno uchawi niliona mapema kwamba halitufai. Kwetu si neno la hadithi. Mama alizaliwa Bukene, na mama yake mdogo aliwahi kuondoka kijijini mchana kweupe, godoro likiwa limefungwa kwenye baiskeli ya mtu, kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni na ng'ombe wa jirani walikuwa wamekufa. Alipata bahati kwamba aliondoka. Tukajaribu kuziita nguvu zile mshiko. Rafiki yangu akacheka akasema vijana wa Dar watadhani ni hela. Ikabaki kiganja. "Ana kiganja" maana yake ana nguvu. "Amenyimwa kiganja" maana yake ametengwa.

Vifaa nilivifurahia kuliko kitu chochote nilichowahi kuchora, na kwa kuwa siwezi kuchora nisichokishika, nilivitengeneza. Badala ya vitabu wana misuko: kamba zenye mafundo na nywele, zinazosomwa kwa vidole gizani. Hizo alizisuka mdogo wangu, na kila fundo lina maana kwa sababu alikataa kusuka mapambo matupu. Dawa zao hufungwa ndani ya vidonge vya nta, maana nta haiogopi maji. Nta niliipata kwa mfanyabiashara wa asali anayepita Usoke na vijiji vya huko. Fimbo ya mtawala ni ya mpingo, mti ambao ukiutupa majini unazama. Kitu chao cha hatari ni kibuyu kilichozibwa kwa nta, ndani yake mkiwa na hewa ya nchi kavu. Siku zote kinataka kupaa, kwa hiyo hufungwa kwenye jiwe, na anayekifungua bila ruhusa huondoka nacho kwenda juu asikorudi mtu.

Kifuani mtawala anahitaji alama. Mama ana kipande cha kombe la baharini, duara, chenye tundu katikati, alichoachiwa na bibi. Wapagazi wa huku walitembea hadi pwani na kurudi, na makombe yale yakawa mapambo ya watemi, machifu wetu, kwa sababu yalitoka mbali. Nilimwomba anionyeshe, akakitoa sandukuni. Nikikitazama niliona kwamba kwa watu wa majini kombe ni takataka. Cha thamani kwao kingekuwa kitu kilichopita motoni, kwa vile moto hawana. Nikachonga duara kama lile kutoka kwenye kigae cha chungu kilichovunjika, nikalitoboa, na hiyo ikawa nishani ya mtawala wao.

Vitu hivyo vyote niliviloweka, kisha nikavitundika kwenye kamba ya nguo vikauke: misuko ya nywele, vibuyu, vidonge vya nta, kigae, na lile kombe la bibi pembeni kwa kulinganisha. Ua wetu ni wa mabati yenye matundu.

Huko saluni nako mdogo wangu alikuwa akisimulia. Mwenzake wa kiti cha jirani, anayejua alama kiasi, alikuwa akiwatafsiria wateja. Alisema tunatengeneza vitu vya watu wa majini. Wateja walisikia majini.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja asubuhi, na wazee wawili nyuma yake. Mama alikuwa anachagua mchele. Alisimama, akawapa viti, wakasalimiana kwa kirefu, habari za nyumbani, za mvua, za kwaya, maana mama ni Mmoraviani na mmoja wa wazee wale alikuwa akimfahamu kanisani. Mimi nilileta maji ya kunywa. Hakuna aliyeyagusa.

"Mama, tumekuja kwa wema," mwenyekiti alisema. "Kuna maneno mtaani."

"Maneno gani?"

"Inasemekana hapa kunafugwa majini. Na jirani hapo mtoto wake sasa ana nafuu kidogo, lakini ameumwa sana."

Mama hakucheka. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kueleza habari za kitabu, naye akaninyamazisha kwa kuniangalia tu. Aliingia uani, akavitungua vile vitu kimoja kimoja kwenye kamba, akavileta na kuvipanga juu ya mkeka mbele yao. Kisha akaniambia, "Leta michoro." Nikaileta. Akasema, "Sasa waeleze. Polepole."

Nilieleza. Nilionyesha kila kifaa na mchoro wake. Mwenyekiti alisikiliza vizuri, alikuwa mtu mwenye adabu, lakini macho yake yalikuwa yanarudi kwenye nywele. Mdogo wangu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akisoma midomo, alikuja akaketi mkekani na kumnyooshea mkono. Mwenyekiti alirudisha wake mapajani. Ni mzee mmoja, mstaafu wa reli, aliyetoa kiganja chake, taratibu, kama mtu anayekagua kama chuma kina moto. Mdogo wangu akakiandika.

"Amesemaje?" mzee aliniuliza.

"Amekuamkia. Amesema shikamoo."

"Marahaba," mzee alisema, akimtazama yeye na si mimi. Halafu akauliza marahaba inaandikwaje. Akafundishwa.

Walikunywa maji. Mwenyekiti akasema ameelewa na atawaeleza watu, lakini akatuomba tuvikaushie ndani, na hilo neno majini tusilitumie tena. Mama alikubali yote mawili. Walipoondoka alirudi kwenye mchele wake, na nikaona kwamba alikuwa akitoa mchele na kuacha mawe.

Mwenyekiti alitimiza ahadi yake. Lakini maneno hayarudi yalikotoka kwa sababu mwenyekiti ameyaita. Jirani wa nyuma ya mabati aliacha kutusalimia. Mtoto wake alipona, ilikuwa malaria, na hata hivyo hakutusalimia. Wateja wa mdogo wangu walianza kuhamia viti vingine. Baadaye mama alisikia kwenye kwaya kitu ambacho alikirudisha nyumbani na kukisema mara moja, akiwa ameshika sufuria: kwamba watu wanadai yeye alimtoa binti yake masikio zamani, ndiyo malipo ya hayo majini, na ndiyo maana nyumba yetu haikosi chakula.

Mdogo wangu alimsoma midomo. Aliuliza kama amesoma vizuri. Mama alisema ndiyo.

Kwa wiki kadhaa hakutaka kusikia habari za kitabu. Alikwenda kazini, akakaa kwenye kiti chake kitupu, akarudi. Misuko iliyobaki ilikuwa haijakamilika na sikuigusa. Nilimwambia rafiki yangu huenda tukaishia hapo. Alisema anaelewa, ingawa nilihisi wachapishaji wanamharakisha. Mimi sikujua nifanye nini, kwa hiyo nilichora mabango. Duka la vifaa vya ujenzi lilitaka simba ameshika koleo.

Mdogo wangu aliporudi kwenye kazi ile alirudi na sheria. Aliingia chumbani kwangu siku ya Jumapili baada ya ibada, mama akiwa bado barabarani, akasukuma kando bango la simba.

"Kwa watu wetu," alisema, "mtu akitaka kumshitaki mwenzake ubaya, ni lazima amshike mkono na kuliandika shitaka ndani ya kiganja cha huyo huyo anayemshitaki. Mwenyewe. Si kupitia kwa mtu mwingine. Asipofanya hivyo, halijasemwa."

"Na akiliandika na ni uongo?"

"Basi aliyeandikiwa anao mkono wake. Ataujua unatetemeka."

Nikamuuliza kifaa chake ni kipi, kwa sababu kila sheria tulikuwa tumeipa kifaa. Alifikiri, akasema ni utepe mmoja mrefu, unaofunga kifundo cha mshitaki na cha mshitakiwa hadi neno liishe. Mafundo yake ni mawili tu, moja kila upande, na yanafanana, ili mtu akiyagusa gizani asijue yupi ni yupi.

Rafiki yangu aliandika sura ya baraza kwa kufuata maneno hayo. Alinitumia, nikamsomea mdogo wangu kwa alama, mstari kwa mstari. Katika sura hiyo yule mbaya analetwa mbele ya binti ambaye yeye alimsingizia, wanafungwa utepe, na anashindwa kuandika. Mkono wake unakaa juu ya kiganja cha binti bila kusogea. Mdogo wangu alirekebisha jambo moja. Rafiki yangu alikuwa amemfanya binti alie. Akasema huwezi kulia ndani ya ziwa ukaonekana, aondoe. Ikaondolewa.

Kitabu kilitoka mwaka uliofuata. Wanaitwa watu wa kilindi, neno majini halimo. Ukurasa wa ndani umetaja watunzi wa hadithi, michoro, na nguvu, na mahali pa nguvu pana jina la mdogo wangu peke yake. Aliangalia ukurasa huo, akapapasa karatasi kwa kidole kuona kama ni nzito, akasema rangi ya maji imetoka nyeusi mno. Ni kweli, ilitoka nyeusi mno.

Tulikipeleka shule aliyosoma. Wanafunzi walisoma sura ya kwanza wamezunguka meza, kisha wakaanza kugombana naye. Alama aliyoitumia kwa mkondo wa maji walisema ni ya watu wazima, wao wanasema nyingine. Walibishana hadi mwalimu akaja kuangalia kuna nini. Mdogo wangu alitoka pale amechoka na amefurahi, ingawa alisema watoto wa siku hizi hawana adabu. Toleo lililofuata lina alama ya watoto wale.

Wateja wake walirudi kidogo kidogo, bila tangazo, kama walivyoondoka. Mama alilirudisha kombe sandukuni na hajalitoa tena. Mzee wa reli akikutana na mdogo wangu njiani hutoa kiganja, naye humwandikia shikamoo.

Jirani yetu wa nyuma ya mabati alifika saluni mwezi ambao binti wa ndugu yake alikuwa anaolewa. Viti vingine vilikuwa na watu. Alisimama mlangoni kwa muda, kisha akaketi kwenye kile kilichokuwa wazi. Mdogo wangu alimsuka hadi mchana. Jioni nilimuuliza yule jirani alisema nini.

"Alisema nimekaza sana."

"Ulikaza?"

"Kidogo," alisema, akaenda kuoga.